"Gari la Mjapani halifi": linakufa, na nimeyaona

Juzi nimeletewa gari lililovutwa kwa kamba kutoka njia ya Manyoni. Silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, imepinda, gasketi inayoiziba imeungua, kwenye rejeta ya kupozea injini hakuna hata tone la maji. Mwenyewe anakiri taa ya joto iliwaka akiwa bado anapanda mlima, akaendelea tu. Nilipomuuliza kwa nini hakusimama, akanijibu kama wanavyonijibu wengi hapa Dodoma: "Fundi, si la Mjapani hili? Haya hayafi."

Neno hilo limeshaua injini nyingi mikononi mwangu. Wateja wanadhani Wajapani walijaliwa tu, wakaunda gari lisiloharibika, basi mwenye gari hana kazi zaidi ya kutia mafuta. Historia yao yenyewe inakataa.

Toyota ilitokana na mashine za kufuma nguo za mzee Sakichi Toyoda. Mwaka 1924 ilikamilika mashine ambayo uzi ukikatika inasimama yenyewe, isiendelee kufuma kitambaa kibovu. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ikanunua haki ya kuiunda. Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyeanzisha idara ya magari mwaka 1933, ndani ya kiwanda hichohicho cha mashine za kufuma. Na magari yake ya mwanzo yalikuwa yanakufa! Lori la kwanza, G1 ya mwaka 1935, liliharibika usukani likiwa njiani kwenda Tokyo kuzinduliwa. Yaliyouzwa yakawa yanakwama barabarani na mafundi wanatumwa kuyafuata. Mwaka 1950 kampuni ilikaribia kufilisika, wafanyakazi wakagoma, Kiichiro akajiuzulu. Iliyoiokoa ni oda ya malori ya jeshi la Marekani wakati wa vita vya Korea. Mwaka 1957 wakapeleka gari lao dogo la Crown huko Marekani. Kwenye barabara kuu za kule ikaishiwa nguvu, ikachemsha, ikatetemeka, na haikupita miaka mingi wakaacha kuiuza. Gari jingine, Corona, lililowapa soko kule, lilifika mwaka 1965.

Kwa hiyo uimara mnaousifu ulijengwa kwa kukubali kwamba gari linaharibika. Lile wazo la mashine ya mzee Sakichi, kasoro ikitokea kazi isimame, lilihamia kwenye magari: mfanyakazi kiwandani akiona tatizo anavuta kamba, na lisipotatuliwa laini nzima ya kuunda magari inasimama. Taa ya joto kwenye dashibodi inafanya kazi ya kamba hiyo, ila wa kusimama sasa ni wewe dereva. Ikiwaka, weka gari pembeni, zima injini, subiri ipoe kabisa kabla ya kugusa mfuniko wa rejeta. Na jamani, tieni kulanti, ile dawa ya kupozea injini, badala ya maji matupu. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi. Nimefungua rejeta zilizojaa ukoko mweupe kama birika la chai, halafu mtu anashangaa gari limechemsha kabla hajafika Kintinku.

Wengine wananiambia usukani uko kulia kwa sababu Japani ilitawaliwa na Waingereza. Haijawahi kutawaliwa nao, sisi ndio tuliotawaliwa. Wajapani walichagua wenyewe kuendesha upande wa kushoto wa barabara, ndiyo maana usukani uko kulia. Sehemu iliyowekwa chini ya Wamarekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Okinawa, ndiyo iliyoendesha kulia, mpaka tarehe 30 Julai 1978 ilipohamia kushoto kama Japani nzima.

Yupo pia anayeamini kila gari linalotoka Japani limetupwa kwa ubovu, na mwenzake anayeamini yote ni kama mapya. Kule gari binafsi jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na kodi na bima ni gharama kubwa. Wengi huona heri wauze. Ndani ya meli moja kuna zima na kuna lililochoka, kwa hiyo kagua gari lenyewe, uache kukagua nchi lilikotoka. Njoo na fundi kabla hujalipa, si baada.

Na hili la mwisho linaniuma zaidi kwa sababu wanalisema vijana ninaowafundisha kazi: eti Mtanzania hawezi kuunda gari. Kibaha kuna kituo cha Nyumbu, chini ya jeshi letu, na lori lenye jina hilo liliundwa pale na Watanzania. Mwanafunzi wangu mmoja alibisha mpaka nilipomwonyesha picha, akasema basi lilikuwa na matatizo mengi. Nikamrudisha kwenye G1 na usukani wake uliokatika kabla ya kufika Tokyo.