Mtoto mwenye ulemavu na mbio za kuogelea: yanayosemwa Tanga na yalivyo majini

Nafundisha watoto kuogelea hapa Tanga, na miongoni mwao wamo wenye ulemavu. Maswali ninayoulizwa na wazazi wao, majirani, hata walimu wa shuleni, yanafanana mno. Mengi yanatokana na mapenzi: mtu anamwonea mtoto huruma, anamkataza kwa nia njema. Lakini anayekatazwa kwa huruma na anayekatazwa kwa dharau wote wanabaki ufukweni wakitazama wenzao. Nimeyaweka hapa yale ninayoyasikia sana, na majibu ninayoyatoa.

"Mwenye mkono mmoja atazunguka palepale"

Hili ndilo la kwanza kwa karibu kila mtu, na kwa kusikia lina mantiki. Mkono mmoja ukivuta maji, mwili si utageukia upande wa pili? Ninaye binti ninayemfundisha, mkono wake wa kushoto umeishia kwenye kiwiko tangu kuzaliwa. Bibi yake aliniuliza swali hilohilo. Kabla sijafungua mdomo, mjomba wa mtoto, mvuvi wa Sahare, akadakia: "Mama, mimi mtumbwini nina kafi moja, tena napiga upande mmoja. Umewahi kuniona nazunguka?"

Bibi alicheka, na mimi nikapata mfano wa kufundishia. Mvuvi hupinda kafi kidogo kila mwisho wa pigo, mtumbwi ukanyooka. Mwogeleaji wa mkono mmoja hunyoosha mwendo kwa namna yake. Ukimtazama binti yule kwa karibu, utaona mkono wake wa kulia hauvuti maji pembeni ya mwili. Unapita chini ya kifua, karibu kabisa na mstari wa katikati, maana kadiri unavyovuta mbali na mstari huo ndivyo mwili unavyogeuka. Teke la mguu linapigwa wakati uleule ili kiuno kisiteleze. Na kile kipande cha mkono wa kushoto hakikai bure: kinashuka na kupanda kwa mpigo, kikisaidia mabega kupinduka. Mwanzoni alikwenda upogo, akawa anagonga kamba ya njia kila mara. Siku hizi anaifuata kamba bila kuigusa.

Na asiye na mikono kabisa? Zheng Tao wa China hana mikono yote miwili, na kwenye Paralimpiki, michezo ya dunia ya wenye ulemavu, ya Tokyo, iliyofanyika 2021, alitwaa dhahabu 4. Nguvu zote zinatoka kwenye miguu na mwili wa kati, na akifika mwisho anagusa ukuta kwa kichwa. Katika mbio za chali, waogeleaji wa aina yake huuma kwa meno kitambaa kinachoshikiliwa na msaidizi ukingoni, wakakiachia mlio wa kuanzia unapotoka. Sheria zinaruhusu hayo yote. Hakuna aliyekaa akawaonea huruma. Watu walikaa wakafikiri namna mwili ule utakavyoanza na utakavyomaliza mbio.

"Wale huvaa miguu bandia majini"

Hapana. Kwenye mashindano kifaa bandia cha aina yoyote hakiruhusiwi kuingia bwawani. Mguu unavuliwa, unaachwa kando, mtu anaingia na mwili alionao.

Natalie du Toit wa Afrika Kusini alikuwa tayari mwogeleaji alipopata ajali ya barabarani mwaka 2001, akitoka mazoezini, akakatwa mguu wa kushoto. Mwaka 2008 kule Beijing aliogelea kilomita 10 za maji ya wazi kwenye Olimpiki, sambamba na wenye miguu miwili, akamaliza wa 16. Wiki chache baadaye, katika mji uleule, alichukua dhahabu 5 za Paralimpiki. Ninapowasimulia wazazi habari zake, huwa wanadhani nimechanganya mashindano mawili. Sijachanganya. Alishiriki yote mawili.

"Mashindano yao ni ya kuhurumiana, kila mtu anapewa medali"

Hapa naomba nichukue nafasi, kwa sababu dhana hii inawaumiza vijana wenyewe kuliko nyingine zote. Mtoto anajituma, anarudi nyumbani na ushindi, mtu anamwambia "hongera, angalau umejitahidi."

Kuogelea kumo kwenye Paralimpiki tangu michezo ya kwanza, Roma, 1960. Ushindani huamuliwa kwa sehemu ya mia ya sekunde kama kwingineko. Kinachowachanganya watu ni madaraja. Mwogeleaji hupangiwa daraja ili ashindane na wenzake ambao mwili unawazuia majini kwa kiasi kinachokaribiana. Herufi S ni ya mtindo huru, chali na kipepeo; SB ni ya chura; SM ni ya mbio zinazochanganya mitindo. S1 hadi S10 ni ulemavu wa viungo, S11 hadi S13 ni wa macho, S14 ni wa akili. Kwenye viungo na macho, namba ikiwa ndogo, kizuizi ni kikubwa zaidi. Namba si cheo wala alama ya mtihani. Nimeshamsikia baba akimlaumu mwanawe kwa "kubaki S9" akidhani ni lazima apande hadi S10!

Daraja halitolewi na kocha, wala halifuati jina la ugonjwa. Watoto wawili wenye utindio wa ubongo wanaweza kuangukia madaraja yaliyoachana sana. Kwa ulemavu wa viungo, wapangaji husoma ripoti ya daktari, wanapima nguvu, uratibu na mkunjo wa viungo kitandani, wanamtazama akiogelea, kisha wanaweza kumfuatilia akiwa kwenye mbio zenyewe. Mtu anaweza kuwa na ulemavu unaoonekana na wote barabarani, na bado akaambiwa hautoshi kwa daraja lolote. Inauma, lakini ndiyo haki ya mchezo.

Kwa wasioona kabisa, daraja la S11, wote huvaa miwani iliyotiwa giza, ili mwenye kuona mwanga kidogo asimzidi mwenzake. Ukuta unapokaribia, msaidizi aliyesimama ukingoni humgusa kwa fimbo ndefu yenye ncha laini. Sisi tumetengeneza yetu kwa ufito na mpira wa tenisi. Kijana mmoja asiyeona ninayemfundisha ameshaanza kuhesabu mapigo ya mikono kutoka ukuta hadi ukuta, na fimbo inapomgusa huwa ameshajiandaa kugeuka. Akikosea hesabu anakasirika, anaomba kurudia. Kijana wa namna hiyo ukimpa medali ya huruma umemtukana.

Jiang Yuyan wa China, aliyepoteza mkono na mguu wa kulia kwa ajali ya gari akiwa mdogo, aliondoka Paris 2024 na dhahabu 7. Hakuna aliyempa hata moja.

"Maji yatamzidishia ugonjwa"

Jibu linategemea ni ugonjwa gani, ndiyo maana ushauri wa daktari unatangulia. Ila hofu ya jumla haina msingi. Mtu akiingia majini hadi shingoni, maji hubeba sehemu kubwa sana ya uzito wake. Mtoto anayejikokota nchi kavu, au anayetumia kiti mwendo, pale anapata mwendo wake mwenyewe. Kwa wenye utindio wa ubongo ni kweli kwamba maji ya baridi hukaza misuli. Bahari yetu ni ya vuguvugu, kwa kawaida kati ya nyuzi 25 na 29, na wengi misuli hulegea. Upepo wa jioni baada ya kutoka ndio wa kuangalia: taulo liwe tayari, nguo kavu ziwe karibu.

Hatari za kweli ni zile ambazo watu hawazitaji. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi huenda hahisi nyayo zake. Atachubuka kwenye sakafu ya bwawa au kwenye matumbawe asijue, kidonda kikaoza. Avae soksi au viatu vya maji, na miguu ikaguliwe kila anapotoka. Mwenye kifafa asiingie bila mtu mzima aliye karibu naye, anayemwangalia yeye tu na anayeweza kumtoa. Mwenye ualbino afanye mazoezi alfajiri au jua likishapoa, avae nguo ya kuogelea ya mikono mirefu na apake mafuta ya kukinga jua. Huyu pia apimwe macho sawasawa, kwa sababu uoni hafifu unaokuja na ualbino unaweza kumpa nafasi katika S12 au S13, na wazazi wengi hawalijui hilo. Wanafikiria ngozi tu.

"Mtoto wa pwani hahitaji kufundishwa, bahari ipo"

Maji yakijaa Raskazone, watoto wanaruka na kupiga mbizi mpaka giza. Ni furaha kubwa, na wengi wanajua kujiokoa. Lakini kucheza majini na kuogelea mbio ni mambo mawili. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 pekee, na wengi wao walikuwa chini ya miaka 30. Ukaribu wa bahari peke yake haumlindi mtu.

Halafu bahari inadanganya saa. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban gramu 1,025 na ya bwawani karibu 1,000, kwa hiyo chumvi inakuelesha zaidi. Mkondo ukikusukuma, muda wako unapendeza. Ukikukabili, unakata tamaa bure. Siku za bamvua maji hukimbia mbali kiasi kwamba pale ulipoogelea asubuhi unatembea kwa miguu. Mbio kubwa zinafanyika kwenye bwawa la mita 50, zina kuta za kugeukia na njia zilizogawanywa kwa kamba. Kijana asiyewahi kugeukia ukuta atapoteza sekunde nyingi kwenye kugeuka peke yake.

Kikwazo kikubwa cha vijana wetu kiko hapa, na sitaki kukificha: mabwawa. Yaliyopo mara nyingi ni ya watu binafsi, saa za kuingia ni za kuomba, na ngazi zake hazikujengwa kwa mtu mwenye kiti mwendo. Tunambeba. Kijana wa miaka 16 anayebebwa mbele za watu kila siku ya mazoezi anavumilia jambo zito, na ni zito kuliko mazoezi yenyewe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayohudumia umma yafikike. Mteremko wa saruji na bomba la kushikilia si gharama ya kutisha.

"Kiziwi naye aende Paralimpiki"

Paralimpiki haina daraja la viziwi. Wana michezo yao ya dunia, Deaflympics, iliyoanza Paris mwaka 1924, na taa hutumika kuwaonyesha kwamba mbio zimeanza. Vilevile njia ya Olimpiki iko wazi kwao. Terence Parkin wa Afrika Kusini, kiziwi, alipata medali ya fedha ya mita 200 chura kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000.

"Msichana wa Kiislamu hawezi kujianika"

Hajianiki. Yako mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili na kichwa, ya kitambaa chepesi kisichonywa maji. Tunachokataa ni khanga na baibui majini, kwa sababu zikilowa zinavuta mtu chini. Bibi wa yule binti ndiye aliyemshonea mjukuu wake vazi la mazoezi, baada ya kuniuliza maswali mengi kuliko mzazi yeyote.

"Ameshachelewa, na tena atapata nini?"

Jessica Long wa Marekani alikuwa na miaka 12 alipochukua dhahabu 3 Athens mwaka 2004, miguu yake ikiwa imekatwa chini ya magoti tangu utotoni. Hapo watu husema, basi wa kwetu wa miaka 15 kachelewa. Daniel Dias wa Brazili aliona michezo hiyohiyo ya Athens kwenye televisheni, akamwona Mbrazili mwenzake Clodoaldo Silva akishinda, ndipo akaanza kuogelea akiwa na miaka 16. Alistaafu na medali 27 za Paralimpiki.

Kuhusu fedha, simdanganyi mzazi. Safari na mavazi vinagharimu, na wadhamini ni wa kutafuta kwa jasho. Asiache shule. Kijana aliyefundishwa vizuri anaweza pia kuja kuwa mwalimu wa kuogelea au mwokoaji, na ukanda huu wa hoteli na fukwe unawahitaji. Lakini akitaka kushindana, aandaliwe kama mshindani. Muda wake uandikwe kila anapopimwa, pamoja na tarehe, umbali na urefu wa bwawa. Kocha awasiliane mapema na Chama cha Kuogelea na Kamati ya Paralimpiki ya taifa, maana kijana hajipeleki mwenyewe kupangiwa daraja la kimataifa. Pasipoti ishughulikiwe kabla ya safari kutajwa.

Na mzazi asitupe karatasi za hospitali. Kadi za kliniki, picha za eksirei, vipimo vya macho, barua ya upasuaji, vyote viwekwe kwenye bahasha moja isiyoingia maji. Siku ya kupangiwa daraja itahitajika fomu iliyojazwa na daktari kwa Kiingereza, ikieleza ulemavu ni upi na umethibitishwa vipi. Daktari ataijaza kwa urahisi zaidi akiwa na karatasi hizo mbele yake.