Mana Ilipokoma: Kuutambua Muujiza Katika Mambo ya Kila Siku

Katika semina za Maandiko Matakatifu ninazowafundisha makatekista, swali la miujiza halikosekani, na mara nyingi huja kama lalamiko: mbona zamani Mungu alitenda waziwazi, na sisi tumebaki kusimuliwa? Hupenda kuanzia Yoshua 5:12, mstari ambao wengi huupita haraka. Waisraeli walikuwa wamekula mana jangwani kwa miaka 40. Walipovuka Yordani, wakaadhimisha Pasaka na kula mazao ya nchi ya Kanaani, mana ikakoma. Mungu aliyewalisha kwa chakula kilichoshuka kutoka mbinguni hakuacha kuwalisha, ila sasa alifanya hivyo kwa nafaka iliyowataka walime, wapalilie na wavune. Musa alikwisha kuona hatari iliyojificha hapo, ndiyo maana katika Kumbukumbu la Torati 8:17 anawaonya wasije wakashiba na kudhani kwamba nguvu za mikono yao ndizo zilizowapatia yote.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alilieleza jambo hili alipohubiri juu ya ile mikate mitano ambayo Yesu aliwalishia umati. Hoja yake ni kwamba kuuongoza ulimwengu mzima ni kazi kubwa kuliko kuwashibisha watu 5,000, lakini watu hustaajabia kazi ndogo kwa kuwa ni adimu, ilhali anayezigeuza mbegu chache kuwa mavuno kila mwaka ni yuleyule aliyeizidisha mikate. Tusidhani kwamba aliipuuza miujiza ya pekee: uzeeni, akiwa askofu wa Hippo, alihimiza habari za watu walioponywa mjini humo ziandikwe na kusomwa mbele ya waamini, na katika muda wa miaka 2 hivi zikakaribia 70.

Sasa tuchukue ushuhuda wa aina tunayoisikia kwenye jumuiya ndogondogo. Mtoto ana malaria kali na anapata degedege usiku wa manane. Jirani anaamshwa, kijana wa bodaboda anakubali kuwapeleka kwa ahadi ya kulipwa baadaye, muuguzi wa zamu anamchoma sindano ya atesunati, na baada ya siku chache mtoto anadai uji. Mmoja atasema ni muujiza, mwingine atasema ni dawa tu. Kwa maoni yangu wote wawili wamekwama mahali pamoja, kwa sababu wamekubaliana kimyakimya kwamba dawa ikishafanya kazi, Mungu hana nafasi. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinafundisha kwamba Bwana ndiye aliyeziumba dawa kutoka katika ardhi, na kweli chanzo cha atesunati ni mmea.

Kanisa, hata hivyo, ni gumu kutamka kwamba uponyaji fulani ni muujiza. Huko Lourdes, mahali pa hija nchini Ufaransa, ambako madaktari wamekuwa wakichunguza taarifa za uponyaji tangu mwaka 1883, uponyaji uliotambuliwa rasmi kufikia mwaka 2018 ulikuwa 70 tu kati ya maelfu ya taarifa. Kupona kwa mtoto wetu kusingefikia kipimo hicho, wala hakuhitaji kukifikia; huko ni maongozi ya Mungu, na mama yake ana kila sababu ya kushukuru kwa sauti.

Nani basi huyatambua maongozi hayo? Kwenye arusi ya Kana, ambako Yesu aligeuza maji kuwa divai, msimamizi wa karamu aliionja divai asijue ilikotoka, bali watumishi walijua, kwa maana wao ndio waliojaza maji yale mabalasi 6 hadi juu (Yohane 2:9). Kwa sababu hiyo huwasisitizia makatekista kwamba ushuhuda mzuri humtaja jirani, kijana wa bodaboda na muuguzi. Anayewaruka ili Mungu aonekane mkubwa zaidi amewafuta watumishi aliowatuma.

Lakini katika jumuiya hiyohiyo huenda ameketi mama mwingine, aliyempeleka mtoto wake kwa bodaboda hiyohiyo na hakurudi naye. Paulo, ambaye Mungu alimtumia kuponya wengi, alimwacha mwenzake Trofimo mgonjwa huko Mileto (2 Timotheo 4:20), akamshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na lile teso lake mwenyewe aliloliita mwiba halikuondolewa ingawa alimsihi Bwana mara tatu. Hayafichi hayo. Mhubiri anayemwambia mfiwa kwamba mtoto angepona kama imani ingetosha, anasema jambo ambalo Mtume hakulisema juu ya Trofimo.