Kila dakika iliyopotea ina mwenyewe

Mjomba wangu alikuwa stesheni masta kwenye reli ya Kisumu. Nyumbani kwake Muhoroni ana rejista moja ya jalada gumu aliyoiokoa siku stoo ilipokuwa ikisafishwa, na kurasa zake zimeshageuka rangi ya chai. Nilipomtembelea mwezi uliopita nikitokea Nakuru, aliniuliza swali lake la kila mwaka: "Hebu nieleze, mpwa wangu. Hiyo kompyuta yako inafanya nini na treni za watu wa ng'ambo?"

Nikamwomba aifungue rejista. Kila treni ina mstari wake: saa ya kuombewa njia, saa ya kukubaliwa, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Pembeni kuna maneno machache ya kalamu: "breki", "ng'ombe relini", "imesubiri kupishana".

"Mjomba, kazi yangu ndiyo hii hii," nikamwambia.

Sikusema hivyo ili kumfurahisha mzee. Mimi huchambua data ya utendaji ya kampuni za reli na tramu, yaani treni ndogo zinazopita kwenye barabara za mjini, nikiwa nimeketi hapa Nakuru na intaneti yangu. Ukizivua programu zao grafu na rangi zote, unabaki na jedwali la mistari kama ya mjomba: namba ya treni, kituo, saa ya ratiba, saa halisi, tofauti, sababu. Asilimia inayotangazwa kwenye habari, kwamba treni kadhaa kati ya mia zilifika kwa wakati, huja mwisho kabisa, na katika yote hayo ndiyo ninayoiamini kidogo zaidi.

Maana "kwa wakati" kuna tafsiri nyingi. Uingereza, kwa miaka mingi, treni ilihesabiwa imewahi ikiwa imefika kituo chake cha mwisho ndani ya dakika 5, au 10 kwa treni za masafa marefu. Tangu Aprili 2019 kipimo kikuu kimekazwa: kila kituo kinachorekodiwa kinahesabiwa, na treni lazima iwe imechelewa chini ya dakika 1. Uswisi mpaka ni dakika 3, tena wanatazama ni abiria wangapi waliathirika. Ujerumani treni iliyochelewa kwa chini ya dakika 6 huhesabiwa imewahi, na ile iliyofutwa kabisa haimo kwenye hesabu hiyo. Zipitishe treni zilezile za siku ileile kwenye vipimo hivi, kila kimoja kitatoa jibu lake. Programu inayokuonyesha asilimia bila kukuonyesha kipimo imekuficha jambo, na wateja wangu huwaambia hivyo siku ya kwanza.

Nayo saa halisi hutoka wapi? Enzi za mjomba ilitoka kwenye macho yake na saa ya ukutani. Siku hizi, kwenye reli nyingi, vihesabio vya ekseli vilivyofungwa kwenye reli huhesabu magurudumu yanayoingia kipande cha njia na yanayotoka. Lakini kihesabio hakiko pale treni inaposimama, kwa hiyo programu huongeza au kupunguza sekunde zilizokadiriwa ili kupata saa ya kusimama. Kadirio likikosewa kwa kituo kimoja, kila treni inayopita hapo itaandikiwa saa ya uongo asubuhi na jioni, mpaka mtu aende akasimame jukwaani na saa mkononi.

Utamu wa kazi uko kwenye safu ya sababu. Chukua mfano wa kubuni wa hapa kwetu. Treni ya mizigo imetoka Nakuru kwenda Kisumu. Inafika Njoro na kukaa dakika 12 zaidi ya ratiba, kwa sababu behewa moja breki zake zimeshika. Njia ni moja, na treni ya abiria inayotoka Kisumu imepangiwa kupishana nayo Molo. Abiria wanakaa Molo dakika 9 wakitazama magunia ya viazi, hawaambiwi chochote, na wanaingia Nakuru wakiwa wamechelewa dakika hizo 9. Kwenye asilimia, mkosaji ni treni ya abiria, ambayo dereva na gadi wake hawakukosea lolote.

Programu nzuri hufungua tukio moja na kulipa namba. Chini yake huweka dakika 12 za Njoro, kisha dakika 9 za Molo, na zote zinaelekezwa kwenye behewa lile. Zile 12 mimi huziita dakika za asili, na zile 9 za kuambukizwa. Kwenye njia yenye treni nyingi dakika za asili chache huambukiza nyingi mno, na ukizisoma zikiwa zimetenganishwa utadhani una matatizo hamsini, kumbe una mawili.

Waingereza wamelifikisha jambo hili mbali kuliko wengi. Mfumo wao uitwao TRUST ulizaliwa ndani ya TOPS, programu ambayo British Rail, shirika la reli la taifa la Uingereza wakati huo, iliipata kutoka kwa kampuni ya reli ya Southern Pacific ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ili ijue mabehewa yake ya mizigo yako wapi. Treni ikipoteza dakika 3 au zaidi kati ya sehemu mbili, lazima sababu ipatikane, na wapo watu walioajiriwa kuitafuta. Pesa hulipwa kati ya mwenye reli na kampuni za treni kufuatana na majibu hayo, kwa hiyo mabishano hayaishi. Wako wanaolalamika kwamba huko ni kutafuta wa kulaumiwa tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Bila kujua mwenye dakika, mtu ataongeza muda wa treni ya abiria pale Molo ili ionekane imewahi, na breki zile zitaendelea kushika.

Tramu zina shida ya aina nyingine. Inapopita kila baada ya dakika kumi, hakuna abiria anayetazama ratiba. Anachotaka ni pengo lisilobadilika. Sisi hatuna tramu, lakini anayesubiri matatu za kwenda Njoro anajua ninachosema: unakaa wee, kisha zinakuja mbili zikifukuzana. Tuseme katika dakika 20 zimepita tramu mbili. Zikiachana dakika 10 kwa 10, abiria husubiri wastani wa dakika 5. Zikiachana dakika 18 kisha 2, idadi ya tramu ni ileile, ila watu tisa kati ya kumi wanaangukia lile pengo refu na kusubiri wastani wa dakika 9, na mmoja anasubiri dakika 1. Wastani wa wote ni dakika 8.2. Ripoti inayohesabu tramu zilizopita itasema mambo ni shwari.

Kosa lililonifundisha kazi hii nililikuta kwenye kampuni moja ya tramu ya ng'ambo. Ripoti ilionyesha kuwa madereva wa tramu moja wanaondoka vituoni kabla ya saa, na barua za onyo zilikuwa zimeshaandaliwa. Niliomba data ghafi. Mstari wa kwanza niliousoma ulisema hivi: imefika kituoni 07:14:52, milango imefunguliwa 07:14:09. Milango ilifunguka sekunde 43 kabla ya tramu kufika! Saa ya kufika ilitoka kwenye kifaa cha GPS, saa ya milango ilitoka kwenye kompyuta nyingine, na hiyo ya pili ilikuwa nyuma tangu irudi karakana. Muda wa kuondoka ulihesabiwa kwa kufungwa kwa milango, kwa hiyo tramu ilionekana imeondoka mapema. Barua zilichanwa. Bado hunikera kwamba zilikaribia kutumwa.

Kwa reli yetu hii, iliyofika ziwani 1901 na kurudishiwa treni ya abiria Desemba 2021, mimi nisingeanza na dashibodi kubwa. Ningeanza na behewa la mizigo. Meli ya MV Uhuru hubeba mabehewa 22 kutoka Kisumu kwenda bandari ya Port Bell, Uganda, kwa hiyo behewa lililowahi kufika Kisumu huku meli ingali Uganda halijaokoa hata dakika moja. Treni na meli zinapaswa kuandikwa kwenye jedwali moja, mstari mmoja kwa kila behewa, kuanzia kupakiwa hadi kuvuka.

Jioni ile nilimwomba mjomba tuingize wiki moja ya rejista yake kwenye kompyuta. Yeye alisoma, mimi nikachapa. Tulipofika kwenye "imesubiri kupishana" nikaandika hivyo hivyo na kuendelea. Akanishika mkono.

"Imesubiri treni gani?" akauliza, akinionyesha namba ndogo aliyoiandika ukingoni kabisa mwa ukurasa. "Andika na hiyo."