Elimu kwa umma: Muulize mteja mwenyewe kabla hujanyanyua kamera

Msimu wa mahafali umefika Dodoma, na tarehe 3 Desemba dunia inaadhimisha Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Hizi ndizo wiki ambazo studio za mjini hujaa, kuanzia Majengo na Uhindini hadi kwa vijana wanaopiga picha za joho kandokando ya vyuo. Ndizo pia wiki ambazo sisi wa ustawi wa jamii tunapokea malalamiko yanayofanana. Mhitimu anayetumia kiti mwendo amebebwa juujuu kupandishwa ngazi za studio, bila kuulizwa. Mzazi amekuta picha ya mwanawe mwenye ualbino imepostiwa kwenye ukurasa wa biashara. Kiziwi amelipia picha kumi, saba zote amefumba macho, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kamera inabonyezwa saa ngapi.

Naandika nikiamini kwamba wapiga picha wetu hawana nia mbaya. Wengi hawajaelekezwa tu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani, kwa hiyo huyu si mteja wa nadra anayekuja mara moja kwa mwaka.

Jambo la kwanza ni kuuliza, tena siku ya miadi. "Kuna chochote tukuandalie ili upige picha kwa raha?" Swali hilo aulizwe kila mteja, si yule tu aliyeshika fimbo nyeupe, kwa sababu kifafa hakionekani kwa macho, wala usikivu hafifu, wala maumivu ya mgongo. Mwenye kifafa anaweza kukwambia kuwa mwanga unaomulika mfululizo humletea degedege. Kwake zima flashi, utumie mwanga wa dirishani. Na swali liende kwa mteja mwenyewe. Tumezoea kumgeukia aliyemsindikiza: "Anataka picha ngapi?" Mteja yupo hapo hapo, hela anayo mkononi na digrii yake ameisotea mwenyewe.

Kuhusu jengo sitasema mengi. Mlango wenye upana wa sentimeta 90 unatosha kiti mwendo, na ndani pawe na nafasi ya mita 1.5 ya kugeuzia. Kizingiti kiwekewe mteremko wa uwiano wa 1 kwa 12, yaani kizingiti cha sentimeta 15 kinahitaji mteremko wenye urefu wa sentimeta 180. Ubao mfupi uliosimama wima kama ngazi si mteremko, ni hatari. Kama studio iko ghorofani na lifti hakuna, mwambie mteja mapema kwenye simu, mkubaliane sehemu ya chini yenye nafasi. Kwa picha za Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kumbukeni chuo kimetandaa kwenye vilima. Chagueni eneo moja badala ya kumzungusha mtu kutoka ndaki (koleji) moja hadi nyingine kwenye jua.

Kiti mwendo ni sehemu ya nafsi ya anayekitumia. Usikisukume wala usikishike bila ruhusa, wala usikitundikie begi lako la kamera. Shusha stendi hadi lenzi iwe usawa wa macho yake. Ukimpiga ukiwa umesimama wima, picha inamfanya aonekane mtoto aliyeinua shingo kwa mkubwa. Hapa niseme wazi, kwa maana nimeshachoka kulisikia: kukificha kiti, kuyafuta magongo wakati wa kuediti, au kumhamishia mtu kwenye sofa "ili atoke vizuri" si heshima. Huo ni uamuzi wa mteja. Akitaka mguu bandia uonekane, uonekane. Akitaka ufunikwe na joho, ufunikwe. Umuulize, basi.

Mteja mwenye ualbino anaumizwa na mwanga mkali machoni na jua kwenye ngozi. Oktoba jua la Dodoma linapita utosini kabisa, na Novemba halijasogea mbali. Mpangie saa moja au saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, na umweke kivulini, chini ya mti au ubavuni mwa jengo. Muda wa kusubiri nao ni muda wa jua. Asikae kwenye foleni ya nje akiwa na kofia ya mahafali isiyo na ukingo mpana. Ndani, usimwelekezee taa moja kwa moja. Ielekeze kwenye ukuta au dari jeupe, mwanga urudi ukiwa laini. Macho ya wengi wao huchezacheza yenyewe. Kumkaripia "tuliza macho" hakusaidii. Piga picha kadhaa mfululizo, achague. Na usimkoleze rangi ya ngozi kwenye kompyuta kama hakukuomba.

Kiziwi anakuona kwa macho, kwa hiyo usisimame na dirisha mgongoni, sura yako itakuwa giza tupu. Kabla ya kuanza, kubalianeni ishara: vidole vitatu juu, kimoja kinashuka, cha pili, cha tatu, nabonyeza. Ukishaziba uso kwa kamera hata anayesoma midomo hana cha kusoma. Kwa kazi ndefu kama harusi, pangeni mapema mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinaweza kuelekeza pa kumpata.

Kwa asiyeona, maneno "sogea hapo" hayana maana. Sema: "Hatua mbili mbele, kiti kiko mkono wako wa kulia, lenzi iko usawa wa pua yako." Piga vidole vitoe mlio karibu na lenzi, ataelekeza uso kwenye sauti. Usimshike kidevu kabla hajakubali. Na picha zikitoka, mweleze: hii unatabasamu, hii kofia imeinama kushoto. Hapa kwetu kuna shule ya wasioona ya Buigiri, wilayani Chamwino, ambayo imesomesha watoto kwa miongo mingi, na bado nasikia mpiga picha akisema, "Asiyeona picha ya nini?" Picha ni ya kumbukumbu, ya wazazi, ya wajukuu, ya ukuta wa sebule yake mwenyewe.

Mwenye mtindio wa ubongo mwili wake hujikaza zaidi akiharakishwa au akishtuliwa. Mpe miadi ya kwanza asubuhi kabla foleni haijaanza, weka kasi ya kamera 1/250 ya sekunde au zaidi, punguza watu chumbani, na muda wa mapumziko usiuhesabu kwenye bili.

Sasa suala la idhini, ambalo ndilo linaleta watu ofisini wakilia. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Taarifa za watoto na za afya ni taarifa nyeti, zinazohitaji idhini ya maandishi. Kulipwa kwa kupiga picha si idhini ya kuiposti. "Nilitaka kuhamasisha jamii" pia si idhini. Andaa fomu ya ukurasa mmoja: jina la mteja, picha zipi, zitatumika wapi, kwa muda gani, saini na tarehe, kwa mtoto asaini mzazi au mlezi. Msomee asiyeona fomu nzima kabla ya kusaini. Idhini inaweza kuondolewa wakati wowote, na ikiondolewa picha iondolewe. Anayetoa taarifa za mtu isivyo halali anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni, faini ni kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5.

Kwa watoto wenye ualbino nasihi zaidi. Mwaka 2024 mtoto mdogo aliuawa Muleba, mkoani Kagera, kwa sababu ya ualbino wake. Picha yenye sare ya shule, jina la mtaa na alama ya mahali iliyohifadhiwa na simu inamwonyesha mtu mbaya njia ya kufika nyumbani. Zima alama ya mahali kwenye kamera na simu kabla ya kazi, na picha hizo usizitume kwenye makundi ya WhatsApp, hata la wapiga picha wenzako.

Mwenye malalamiko aanze kwa mpiga picha mwenyewe, kwa maandishi, akieleza anataka picha gani iondolewe. Asiposikilizwa, awasilishe lalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo makao yake yako hapa Dodoma, akiambatisha nakala ya picha ilivyopostiwa, tarehe aliyoiona na risiti ya studio kama anayo. Ambaye kuandika ni shida kwake afike kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri. Tutamwandikia, tutamsomea kilichoandikwa, ndipo aweke saini au dole gumba.