Je, wajua kwa nini ufunguo wa gari la zamani hugoma kugeuka?

Umetoka kununua mahitaji Kariakoo, jua la saa saba liko utosini. Umeingia kwenye Carina yako, umechomeka ufunguo, haugeuki. Unajaribu tena, haugeuki. Nyuma mwenye Kirikuu anapiga honi, anaitaka hiyo nafasi. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu swichi iliyokuwa nzima, kwa sababu mkono unaharakisha kuongeza nguvu. Ufunguo wa gari kuukuu ukikunjwa kwa nguvu hukatikia ndani, na tatizo la dakika mbili linageuka kuwa kazi ya fundi ya nusu siku.

Hiyo tunayoiita swichi ina sehemu mbili. Mbele kuna silinda, yaani kitasa chenyewe kinachopokea ufunguo. Nyuma yake kuna swichi ya umeme inayozungushwa na silinda hiyo. Kama ufunguo unageuka vizuri ila taa za dashibodi haziwaki, silinda haina kosa: angalia betri, fyuzi, nyaya, au swichi ya nyuma. Tunachozungumzia hapa ni ufunguo usiogeuka kabisa.

Anza na stelingi, kwa maana mara nyingi mkosaji ni yeye. Ukichomoa ufunguo, kuna pini ya chuma inayosukumwa na springi ili iingie kwenye tundu la mhimili wa stelingi, mwizi asiweze kukata kona. Marekani iliweka sharti kwamba magari madogo mapya kuanzia tarehe 1 Januari 1970 yawe na kinga ya namna hii ya kufunga stelingi au mwendo, na magari ya Kijapani tunayoshusha bandarini nayo yanayo. Sasa ukipaki huku tairi la mbele limebanwa na ukingo wa barabara, au umeliacha limekunjwa kwenye mteremko, mpira wa tairi unajikunja na kutaka kurudi ulikotoka. Nguvu hiyo inapanda hadi kwenye stelingi na kuikandamiza pini ubavuni. Silinda inataka kuivuta pini, pini imebanwa, na wewe unahisi ufunguo ndio uliogoma.

Dawa yake ni mikono miwili. Shika stelingi kwa mkono wa kushoto, ijaribu kushoto na kulia. Upande mmoja utagonga kabisa kama ukuta, upande wa pili utalegea kidogo sana, labda upana wa kidole. Ibane stelingi kuelekea huko inakolegea, na papo hapo geuza ufunguo taratibu kwa mkono wa kulia. Utasikia "tak" ya pini ikiachia. Ikiwa tairi limebanwa vibaya mno na hata hilo halisaidii, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, weka jeki, inua gurudumu la mbele mpaka liache ardhi. Mpira ukishajinyoosha, pini inakuwa huru.

Kama stelingi iko huru na ufunguo bado umegoma, basi tatizo liko ndani ya silinda. Humo kumepangwa vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake ndogo. Pasipo ufunguo, vibati hivyo huchomoza nje ya silinda na kuingia kwenye mfereji wa ganda lake, kwa hiyo haizunguki. Ufunguo sahihi unapoingia, meno yake yanavuta kila kibati hadi kimo chake, vyote vinalingana sawasawa na silinda, nayo inazunguka. Katika magari mengi, kimo kimoja cha jino hutofautiana na kingine kwa nusu milimita hivi. Ufunguo wa gari la mwaka 1997, lililotumika Japani miaka kadhaa kabla ya kuja kwetu, umeingia na kutoka mara zisizohesabika. Meno yamelainika. Kibati kimoja kikibaki kimechungulia, hicho kimoja tu kinatosha kuzuia silinda nzima.

Ndiyo maana kuna kipimo rahisi: chomeka ule ufunguo wa akiba uliolala kabatini. Ukigeuka bila shida, silinda yako ni nzima, kilichochoka ni ufunguo unaotembea nao. Dalili nyingine ya uchakavu ni ufunguo unaoweza kuchomolewa injini ikiwa inaunguruma. Baadhi ya watu hulichukulia hilo kama mazoea ya gari, kumbe ni taarifa.

Ila usikimbilie kwa mchonga funguo wa pembeni ya barabara ukampa huo huo uliochoka. Mashine yake inafuata alichoshika: meno yaliyolika yatanakiliwa yakiwa yamelika, pamoja na kosa dogo la mashine yenyewe. Gari jipya huja na kipande kidogo cha bati chenye namba ya ufunguo, na kwa namba hiyo fundi mwenye mashine nzuri huchonga ufunguo wenye vimo vya kiwandani. Tatizo ni kwamba magari ya mtumba mara nyingi hufika bila kipande hicho. Basi mwambie fundi afungue kitasa cha mlango wa abiria. Kwa kuwa watu hufungua kwa rimoti au kwa mlango wa dereva, kitasa hicho huwa hakijatumika sana, na vibati vyake bado vina vimo sahihi. Fundi anayeijua kazi atavisoma na kukuchongea ufunguo kama ulivyokuwa mwanzo. Katika mambo yote niliyoandika hapa, hili ndilo ningependa kila mwenye gari la zamani Dar alijue, maana linaokoa silinda ambazo hutupwa bure.

Jiji letu nalo lina mchango wake. Vumbi la barabara za mitaa, kuanzia Goba hadi Mbagala, huingia na ufunguo kila siku, na kule Kigamboni hewa ya chumvi inakula springi. Oili ya injini na grisi zinaonekana dawa kwa wiki moja, kisha zinashika vumbi na kuwa tope linalogandisha vibati. Kinachofaa ni unga mkavu wa grafiti. Ukiukosa, sugua risasi ya penseli laini ya 2B kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa, ufute, urudie. Ndani ya penseli kuna grafiti ile ile iliyochanganywa na udongo.

Ikitokea ufunguo umekubali kugeuka baada ya mvutano mrefu, usiurudishe LOCK, yaani pale unapochomolewa, ukaenda kunywa soda. Washa, nenda gereji moja kwa moja. Silinda nyingi za Toyota huchomolewa ufunguo ukiwa kwenye ACC, hatua ya kwanza baada ya LOCK, kwa kubonyeza pini ndogo kupitia tundu la ubavuni, kazi ya dakika chache. Ikikwama kwenye LOCK, fundi hana njia nyepesi: ataitoboa kwa drili, au atahangaika na bolti za mhimili ambazo kiwandani hukatwa vichwa makusudi zisifunguliwe.

Punguza pia uzito wa shada la funguo. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliyaita tena kwa matengenezo takriban magari milioni 2.6 kwa sababu swichi zake zilikuwa legevu kiasi kwamba shada zito au mshtuko wa barabara uliweza kuzirudisha kutoka ON, hatua ya injini kufanya kazi, hadi ACC gari likiwa kwenye mwendo. Injini ilizima, na mifuko ya hewa haikufunguka. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Yako inaweza kuwa imara zaidi, lakini silinda iliyochoka haihitaji kubebeshwa funguo za nyumba, za duka na kufuli la geti.

Mwisho wa yote, kama silinda imekufa kweli na umekwenda kutafuta used Gerezani, ichukue pamoja na ufunguo wake na uijaribu hapo hapo dukani kabla hujalipa. Kumbuka kwamba mlango utabaki na ufunguo wa zamani, isipokuwa fundi ahamishe vibati vyako kwenye silinda mpya. Na kama gari lako lina imobilaiza, yaani kinga ya wizi inayoutambua ufunguo kwa chipu iliyo ndani yake, chipu ya ufunguo wa zamani lazima ihamie kwenye mpya, la sivyo litawaka na kuzima, au lisiwake kabisa. Zungusha LOCK, ACC, ON, kisha START, na uachie. START inatakiwa irudi ON yenyewe. Ikibaki imeng'ang'ania huko, mrudishie muuzaji, kwa sababu hiyo itakuunguzia stata, ile mota ya kuwashia injini.