Mihadhara ya wazi si ya wasomi peke yao

Watu wengi London, hata waliokaa miaka mingi, wanaamini mhadhara wa chuo ni wa wanafunzi na maprofesa. Ukienda bila kitambulisho, mlinzi atakurudisha mlangoni. Si kweli, na inauma kuona watu wakijinyima hivyo.

Chukua Gresham College, chuo cha mihadhara ya wazi hapo London. Mfanyabiashara Thomas Gresham, aliyefariki mwaka 1579, aliusia kwamba kodi za majengo yake ziwalipe walimu saba wa kuwafundisha wakazi wa jiji elimu ya nyota, dini, jometri, sheria, muziki, tiba na ufasaha wa kusema. Chuo kikaanza mwaka 1597, na mihadhara yake ni bure mpaka leo. Hakiandikishi wanafunzi wala hakitoi shahada. Kwa hiyo mtu wa kawaida si mgeni pale. Yeye ndiye aliyekusudiwa. Hata enzi zile za Kilatini, mihadhara ilipangwa isomwe kwa Kiingereza pia, ili asiyesoma Kilatini asikose. Na ni baada ya mhadhara wa Christopher Wren, mwalimu wa elimu ya nyota, hapo, Novemba 1660, ndipo baadhi ya waliohudhuria walipokaa na kuanzisha Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza.

Paris nako, Collège de France, taasisi ya utafiti na mihadhara, huwaachia watu milango wazi: anayewahi ndiye apataye kiti.

Sehemu nyingine huomba uweke nafasi mapema mtandaoni. Ukifika, keti tu. Muda wa maswali ukija, uliza lililokusumbua. Hakuna atakayekudai cheti.