Ayubu Hakunyamaza: Dhana Potofu Kuhusu Mateso na Imani

Msibani, mstari usiokosekana ni Ayubu 1:21: "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa; jina la BWANA libarikiwe." Watu huitikia amina, na mfiwa anaelewa papo hapo kwamba akilia sana ataonekana hana imani. Kitabu cha Ayubu, mtu aliyepoteza mali na watoto wake, kina sura 42. Mstari huo umo katika ya kwanza.

Dhana: Mwenye imani halalamiki

Sura ya 3, Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, na kuanzia hapo anabishana na Mungu karibu kitabu kizima. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walianza vizuri: walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kueleza sababu. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao waliojifanya mawakili wake, si Ayubu aliyemlalamikia. Wanaagizwa watoe mafahali 7 na kondoo dume 7, tena Ayubu ndiye awaombee.

Malalamiko yana umbo lake katika Biblia. Zaburi 13 ina mistari 6 tu: miwili ya kulalamika ("Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?"), miwili ya kuomba, miwili ya kutumaini. Anayeshindwa kusali anaweza kuandika yake kwa mpangilio huo huo. Kosa la kawaida ni kuiruka ile miwili ya kwanza ili kuwahi shangwe. Sala inageuka maigizo, na mtu anaiacha kabisa kwa kuwa moyoni anajua anadanganya. Siku ambayo tumaini halipo, iko Zaburi 88, ambayo inaishia gizani. Waliozikusanya zaburi hawakuipachika mstari wa faraja.

Dhana: Taabu ni malipo ya dhambi

Wanafunzi walimuuliza Yesu hivyo hivyo kuhusu kipofu wa kuzaliwa: ni yeye aliyetenda dhambi au ni wazazi wake? Yohana 9 inaonyesha akikataa majibu yote mawili. Ila tusiteleze upande wa pili, tukaita kila shida jaribu. 1 Petro 4:15 inaonya mtu asiteswe kwa uuaji, kwa wizi, wala kwa kujiingiza katika mambo ya watu. Mkopo wa kausha damu (wa riba kubwa mno) uliochukuliwa ili kulipa mkopo mwingine si jaribu, ni hesabu iliyokataa. Chukua karatasi, orodhesha madeni yote na tarehe zake, kisha uwafuate wadai kabla hawajakufuata.

Dhana: Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba

Sentensi hiyo haimo katika Biblia. Wanaoisema huegemea 1 Wakorintho 10:13, lakini pale Paulo anazungumzia kushawishika kutenda dhambi. Mistari inayozunguka inataja ibada ya sanamu na uasherati. Kuhusu uzito wa mizigo, Paulo huyo huyo anasema katika 2 Wakorintho 1:8: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Mama aliyezika watoto wawili akiambiwa Mungu hampi mtu asichokiweza, anachosikia ni kwamba angekuwa dhaifu kidogo huenda wangekuwa hai.

Dhana: Mateso yenyewe humkomaza mtu

Hii ndiyo ngumu kuing'oa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Warumi 5:3-4 inapanga hatua: dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, uthabiti huleta tumaini. Neno la Kigiriki nyuma ya "saburi" lina maana ya kubaki chini ya mzigo bila kuutoroka; lile la "uthabiti" ni la kitu kilichojaribiwa kikaonekana halisi, kama madini. Mnyororo huo hukatika mapema. Dhiki ile ile inayomfanya mmoja kuwa mpole humwachia mwingine "shina la uchungu", ambalo Waebrania 12:15 inalitaja waziwazi.

Tofauti mara nyingi huanzia kwenye vitu vya kawaida kabisa. Katika 1 Wafalme 19, nabii Eliya amelala chini ya mretemu, mti wa jangwani, akiomba afe. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji. Eliya anakula, analala tena. Anaamshwa mara ya pili, anakula tena. Ndipo anatembea siku 40 hadi mlima Horebu, na huko ndiko anakoulizwa, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Mafundisho mengi hukosea kwa kuanza na swali hilo kabla ya mkate.

Kwa jumuiya au kikundi cha sala, ratiba ndiyo kazi. Siku za msiba nyumba hujaa. Matanga yakianuliwa hubaki viti vya kukodi vinavyosubiri gari, na upweke unaanza hapo. Gaweni zamu mapema: nani aende wiki ya tatu, nani mwezi wa tatu, nani siku ya kutimia mwaka. Nenda na unga au sukari, mtaje marehemu kwa jina, usikilize. Mfiwa asiyelala wala kula wiki baada ya wiki, au anayesema afadhali afe, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Dhana: Kutumia dawa au kukimbia ni kukosa imani

Paulo alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, na akamwacha mwenzake Trofimo akiwa mgonjwa katika mji wa Mileto. Hakumlaumu yeyote kati yao. Anayeacha ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI) ili kuonyesha imani anaviachia virusi vizaliane upya, na akimeza leo, kesho akaacha, vinaweza kujenga usugu hata dawa zilizomsaidia zisifanye kazi tena.

Mke anayepigwa naye huambiwa abebe msalaba wake. Lakini Yesu aliwaambia wanafunzi wakifukuzwa katika mji huu wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23). Daudi alimkimbia Sauli miaka na miaka. Na Paulo, mwandishi wa ile mistari ya Warumi 5, alitoka Dameski usiku, ameteremshwa ukutani ndani ya kapu.